MPIRA WA JIONI: FURAHA YA NYUMBA NZIMA

Kazi ya shamba haina kengele. Mkulima wa Kitale mwenye mahindi, na mwenzake wa Bungoma mwenye miwa, huamka kungali giza, na jua likichwa bado hawajamaliza walilolianza. Karani wa mjini saa zake zimeandikwa, lakini naye hurudi nyumbani akiwa na hesabu za ofisini kichwani mwake. Mama wa nyumba ndiye mwenye siku ndefu kuliko wote. Watoto wana shule yao, na wakitoka huko hungojwa na ng'ombe, kuni na maji. Basi nyumba moja yaweza kuwa na watu saba ambao kwa siku sita hawakukaa mahali pamoja wakitazama jambo moja. Hukutana usiku penye ugali, na hapo kila mtu ana usingizi.

Lakini katika juma uko wakati mmoja ambao nyumba ya namna hiyo yaweza kukusanyika bila gharama kubwa na bila kuitwa na mtu. Ni Jumamosi au Jumapili alasiri, wakati mpira wa miguu unapochezwa katika kiwanja kilicho karibu. Wako wanaume wengi wanaoijua furaha hiyo, lakini huiendea peke yao, wakawaacha mke na watoto nyumbani. Hao hupata nusu tu ya furaha ambayo wangeweza kuipata.

SAA YA MCHEZO

Wageni huuliza kwa nini michezo ya huku huanzishwa saa tisa au saa kumi, wala si mapema zaidi wala baadaye. Sababu yake ni jua. Kitale na Bungoma ziko karibu sana na mstari wa ikweta, kwa hiyo mwaka mzima jua huchwa kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja kasoro dakika chache. Viwanja vingi vya mashambani havina taa. Mchezo ni dakika 90, na mapumziko ni dakika 15. Ukianza saa kumi kamili, humalizika yapata saa kumi na mbili kasorobo, na watu hupata nafasi ya kufika nyumbani macho yakiwa bado yanaona njia.

Katika mashindano ya kikombe, timu zikitoka sare huongezwa dakika 30, na baada ya hapo hupigwa mikwaju ya penalti. Basi kila aliyezoea viwanja vya huku amewahi kuona penalti ya mwisho ikipigwa katika mwanga hafifu, golikipa amekodoa macho, na watazamaji wamekwisha sogea hata kwenye mstari wa chokaa ili waone mpira umekwenda wapi. Furaha ya namna hiyo watoto hawaisahau.

Mvua nayo ina amri yake. Kitale ni mji wa nyanda za juu, mita zipatazo 1,900 juu ya bahari, kati ya Mlima Elgon na vilima vya Cherangani. Tangu Aprili mvua hupenda kunyesha alasiri, saa zile zile za mchezo. Michezo ya mpira ya shule za sekondari huchezwa katika muhula wa pili, yaani wakati wa palizi na matope. Ndipo mtazamaji mwenye busara huchukua mwavuli, au gunia la nailoni la kuwafunika wadogo, wala hamlaumu refa mpira unapokwama katika dimbwi.

NJIANI NA KIWANJANI

Furaha ya mpira haianzi filimbi inapolia. Huanza nyumbani, tangu asubuhi, mtoto anapoambiwa, "Ukimaliza kazi yako mapema, leo tutakwenda wote." Siku hiyo kuni hupatikana haraka, na ndama hawapotei. Wazazi wengi wamegundua ya kwamba ahadi ya mpira hufanya kazi kuliko fimbo.

Kisha huja safari yenyewe. Walio karibu huenda kwa miguu, na walio mbali hupanda bodaboda. Chombo hicho jina lake lilizaliwa katika mpaka wa Kenya na Uganda, pande za Busia na Malaba, ambako vijana wa baiskeli walivusha abiria toka mpaka hadi mpaka. Katika barabara ya Kitale na Webuye, pande za Kiminini na Kamukuywa, msafiri wa Jumapili jioni huona jamaa nzima zikitembea pembeni: baba mbele, mama na mtoto mgongoni, na wavulana wakipiga teke kila jiwe wanalolikuta, kana kwamba mchezo umekwisha anza.

Kiwanjani kila mtu hutafuta mahali pake. Bungoma kuna kiwanja cha Sudi, ambacho timu ya kiwanda cha sukari cha Nzoia imekitumia kwa michezo ya ligi kuu ya Kenya. Kuna pia kiwanja cha Masinde Muliro hapo Kanduyi, kilichopewa jina la mwanasiasa yule mashuhuri, ambapo sikukuu ya Madaraka iliadhimishwa kitaifa tarehe 1 Juni 2024. Kitale kuna kiwanja cha Kenyatta. Lakini wengi wa wakulima hawaendi huko ila kwa michezo mikubwa. Kiwanja chao ni cha shule ya msingi, chenye magoli ya miti, na kiti chao ni nyasi za ukingoni. Penye kivuli cha mkaratusi hukaa wazee. Juu ya mti hukaa wavulana, ingawa wamekatazwa.

Wauzaji nao hawakosi. Mwanamke mmoja huchoma mahindi, mwingine ana njugu katika vikaratasi, na kijana hukata miwa kwa panga na kuiuza vipande vipande. Shilingi chache zatosha kuwafurahisha watoto watatu. Mzazi aliyewaleta watu wake huona ya kuwa fedha ile ile ambayo angeinunulia kinywaji chake mwenyewe mahali pengine, hapa imewatosha watu watano, na imebaki.

MASWALI YA WATOTO

Mtu akitazama mpira peke yake, hutazama kwa macho yake tu. Akitazama pamoja na mtoto, hulazimika kueleza, na mwenye kueleza huuona mchezo vizuri zaidi. Maneno kama haya husikika ukingoni mwa kiwanja cho chote:

"Baba, mbona refa amekataa goli, na mpira umeingia?"

"Ameotea, mwanangu."

"Kuotea ni nini?"

Hapo ndipo baba huanza kupata taabu. Sheria yasema ya kwamba mchezaji asiwe karibu na mstari wa goli la adui kuliko mpira, na kuliko adui wa pili kutoka mwisho, wakati mwenziwe anapompigia mpira. Kuisema sheria hiyo ni rahisi, lakini kumfahamisha mtoto wa miaka saba ni kazi nyingine. Basi baba mwenye hekima hutafuta mfano wa nyumbani. Humwambia, "Ni kama mtoto anayekwenda kukaa jikoni kabla chakula hakijaiva, ili apakuliwe kwanza, na wenziwe wangali shambani." Nyanya aliyekaa karibu, ambaye hakuwa akisikiliza mpira bali maneno ya mjukuu wake, huitikia, "Basi huyo ni mlafi. Refa amefanya haki." Tangu siku hiyo mtoto hasahau maana ya kuotea, na nyanya naye ameingia katika mchezo.

Yako mafunzo mengine yasiyohitaji maneno. Mtoto huona mchezaji aliyeangushwa akiinuliwa kwa mkono na yule yule aliyemwangusha. Huona timu yenye mchezaji mmoja hodari, asiyetoa pasi, ikishindwa na timu ya wachezaji wa kawaida wanaopeana mpira. Huona nahodha akipinga amri ya refa, kisha akaitii. Zaidi ya hayo, humtazama baba yake. Baba akimtukana refa, mtoto amejifunza kutukana. Baba akishindwa, kisha akawapigia makofi walioshinda, mtoto amejifunza jambo ambalo shule haiwezi kumfundisha ubaoni. Waliosema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo hawakusema malezi ni ya ndani ya nyumba tu.

WASICHANA NAO

Zamani ilidhaniwa ya kuwa mpira ni mambo ya wanaume, na msichana aliyesimama kiwanjani aliulizwa kama hana kazi. Dhana hiyo imepingwa na wasichana wenyewe. Katika wilaya ya zamani ya Trans Nzoia, ambayo tangu 2013 ni kaunti, shule ya wasichana ya Wiyeta imepata sifa nchi nzima kwa mpira wa miguu, kama vile shule ya wavulana ya St. Anthony's hapo Kitale ilivyopata sifa yake. Mwaka 2016 timu ya wanawake ya Kenya ilifika kwa mara ya kwanza katika mashindano ya kombe la Afrika, huko Kamerun. Na mwaka 2024 timu ya wasichana walio chini ya miaka 17 ilikwenda katika kombe la dunia lililochezwa Jamhuri ya Dominika. Hiyo ndiyo iliyokuwa timu ya kwanza ya Kenya, ya wanaume au ya wanawake, kufika katika kombe la dunia la mpira wa miguu, na huko iliifunga Meksiko magoli 2 kwa 1.

Kwa hiyo baba anayewapeleka wana na kuwaacha mabinti ajue ya kuwa huenda amemwacha nyumbani yule ambaye angefaidi zaidi.

KUMBUKUMBU ZA WAZEE

Wajukuu wanapokaa na babu penye mpira, husikia pia habari za zamani. Mashindano ya Kenya na Uganda yalianza mwaka 1926, kwa kikombe kilichotolewa na wenye kutengeneza sabuni ya Gossage. Tanganyika iliingia baadaye, mwaka 1945, na Unguja mwaka 1949. Wachezaji wa nyakati hizo hawakuwa matajiri, na wengi walikuwa na kazi nyingine za kuwalisha. Lakini majina yao yalifika vijijini.

Katika majina hayo, moja lilipita yote kwa watu wa Magharibi ya Kenya, nalo ni la Joe Kadenge. Alizaliwa mwaka 1935, akafa mwaka 2019. Watangazaji wa redio walizoea kusema "Kadenge na mpira", na maneno hayo yakawa msemo wa watoto, hata wale ambao hawakuwahi kumwona. Mwaka 1964 vilabu mbalimbali vya Waluhya viliunganishwa kuwa Abaluhya, timu ambayo tangu 1980 yaitwa AFC Leopards, na ambayo wapenzi wake huiita Ingwe, yaani chui. Wapinzani wake wakubwa, Gor Mahia, walianza mwaka 1968, na mwaka 1987 walilitwaa kombe la Afrika la washindi wa vikombe. Na kwa kuwa Waluhya na Wajaluo wameoana tangu zamani, michezo ya timu hizo mbili huitwa michezo ya mashemeji. Jina hilo lenyewe laonyesha ya kuwa mpira ni jambo la jamaa.

Miaka hiyo nyumba yenye redio ilikuwa nyumba ya watu wote. Redio iliwekwa dirishani, na waliokosa nafasi ndani walikaa uani juu ya magogo. Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki dunia mwezi Februari mwaka 2025, alikuwa mmoja wa watangazaji ambao sauti zao ziliwafanya watu wa mbali wauone mchezo kwa masikio. Mkubwa na mdogo walisikia goli kwa wakati mmoja, wakaruka pamoja. Ladha ya mpira wa redio ilikuwa hapo.

Ladha hiyo haijafa. Mwezi Agosti mwaka 2025 Kenya, Uganda na Tanzania zilikaribisha pamoja mashindano ya Afrika ya wachezaji wanaocheza katika ligi za nchi zao. Kenya, ambayo haikuwahi kufika katika mashindano hayo, iliifunga Kongo goli 1 kwa 0, ikatoka sare na Angola, ikaifunga Moroko goli 1 kwa 0, na Zambia vivyo hivyo, kisha ikatolewa na Madagaska kwa penalti katika robo fainali. Siku hizo nyumba nyingi zenye televisheni zilijaa majirani, na waliosikitika usiku ule wa penalti walisikitika pamoja. Huzuni ya wengi nayo ina faraja yake.

MFANO WA NG'AMBO

Jambo hili la kuuweka mchezo katika saa ambayo watu wote wa nyumbani waweza kufika, si la huku tu. Huko Marekani mchezo unaopendwa na watu wengi tangu zamani ni besiboli, unaochezwa kwa gongo na mpira mdogo mgumu. Kwa miaka mingi timu kubwa zilicheza mchana, siku za kazi. Waliokuja walikuwa watu wasio na kazi za saa maalumu. Baba wa kiwandani hakuweza kuja, wala mtoto aliye shuleni.

Tarehe 24 Mei 1935, katika mji wa Cincinnati, taa kubwa za umeme ziliwashwa juu ya kiwanja kwa mara ya kwanza katika ligi hizo kubwa. Rais Roosevelt mwenyewe alibonyeza kidude akiwa Washington, na taa zikawaka mbali huko. Watu zaidi ya 20,000 walihudhuria, nao wenyeji wakaifunga Philadelphia 2 kwa 1. Wako waliosema ya kuwa mchezo wa usiku ni upuzi, na klabu moja ya Chicago ilikataa kuweka taa katika kiwanja chake mpaka mwaka 1988. Lakini klabu nyingine zilifuata mfano wa Cincinnati, kwa kuwa zilitambua ya kwamba mtu aliyefanya kazi mchana kutwa naye ana haki ya kumshika mwanawe mkono na kwenda naye kutazama.

Mchezo huo umefika hata karibu na Bungoma, ng'ambo ya mpaka wa Malaba. Mwaka 2012 wavulana wa Lugazi, mji wa miwa na kiwanda cha sukari katika Uganda, walikwenda Williamsport huko Marekani kushindana katika mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto. Walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza katika mashindano hayo. Walishindwa mara mbili, kisha wakaifunga timu ya Oregon 3 kwa 2. Wakulima wa miwa wa Nzoia waweza kuona ya kuwa kijana wa shamba la miwa hana upungufu, akipata kiwanja, mwalimu, na watu wa kwao wa kumtazama.

YANAYOHARIBU FURAHA HII

Hata hivyo furaha ya mpira wa jioni ina maadui, na wengine wamekwisha ingia ndani ya boma.

Adui wa kwanza ni saa yenyewe. Michezo mingi ya ligi ya Uingereza huanza saa tisa mchana kwa saa za kwao siku ya Jumamosi. Hapa huwa ni saa kumi na moja jioni majira ya joto yao, na saa kumi na mbili majira ya baridi yao. Basi timu ya kijiji inapoingia kipindi cha pili, vijana huanza kuondoka mmoja mmoja kwenda katika vibanda vya televisheni. Huko hulipwa shilingi chache mlangoni, mlango hufungwa, na ndani hukaa wanaume na wavulana tu, bega kwa bega katika joto. Hakuna dhambi kutazama mpira wa Uingereza, kwa maana wachezaji wake ni mafundi. Lakini mama hayumo humo, wala nyanya, wala dada. Na yule kijana anayemjua kila mchezaji wa London hamjui golikipa wa kijiji chake, ambaye ni mtoto wa jirani.

Adui wa pili ni kamari. Tangu miaka ya 2014 na 2015 kuweka fedha juu ya matokeo ya mpira kwa njia ya simu kumeenea mno katika Kenya. Mwaka 2019 serikali ilikataa kutoa upya leseni za makampuni 27 ya kamari, walakini mchezo huo haukukoma. Mtu aliyeweka fedha hatazami tena mpira, hutazama fedha yake. Goli zuri la upande wa pili kwake ni msiba. Hamweleezi mtoto jambo lo lote, kwa kuwa hasikii akiulizwa. Na ikiwa fedha aliyoweka mwezi Machi ilikuwa ya mbegu na mbolea, basi nyumba nzima itaulipa mchezo huo mwezi Novemba, wakati majirani wanapovuna. Baba wa namna hiyo huona aibu kuwaambia watu wake kwa nini shamba halikupandwa kwa wakati, akaanza kujitenga nao. Hivyo mpira uliokuwa ukiwakusanya ndio uliowatawanya.

Adui wa tatu ni ulevi na matusi. Mahali ambapo refa hutupiwa mawe, mama mwenye heshima haji tena, na hana kosa.

Adui wa nne huja polepole, naye ni upungufu wa ardhi. Kiwanja ni uwanja mtupu, na mwenye tamaa akikiona humpitia wazo la maduka. Mwezi Januari mwaka 2015, katika shule ya msingi ya Lang'ata huko Nairobi, watoto walifika wakakuta uwanja wao wa michezo umezungushiwa ukuta. Walipoandamana walirushiwa moshi wa kutoa machozi, na nchi nzima ikashtuka. Mwishowe uwanja ulibaki wa shule. Jambo hilo lilitendeka mjini, lakini laweza kutendeka po pote ambapo kiwanja hakina hati wala watu wa kukitetea. Na watu watakaokitetea ni wale waliokaa pale na watoto wao. Kiwanja kisichotazamwa na mtu hakina shahidi.

NAMNA YA KUANZA

Mtu asiyepata kuwachukua watu wake kiwanjani hana haja ya maandalio makubwa. Kwanza, na aulize mapema siku na saa ya mchezo, ili kazi za nyumbani zigawanywe. Si haki baba aseme "twende" saa tisa na nusu, na mama ana sufuria tatu motoni. Akiwa mwungwana atakamua ng'ombe yeye mwenyewe siku hiyo, au awape wavulana wakubwa kazi hiyo kabla ya kuondoka.

Pili, chakula cha jioni kiwe tayari au kiwe chepesi. Maharagwe yaliyochemshwa asubuhi hayana neno. Tatu, wachukue sweta, kwa maana baridi ya Kitale hushuka pamoja na jua. Nne, wakae upande wenye jua mgongoni, wasije wakapofushwa kipindi cha pili. Tano, simu ya kamari ibaki mfukoni, au bora zaidi isiwe na kamari kabisa.

Na mwisho wa mchezo wasikimbilie nyumbani. Wangoje kidogo wawaone wachezaji wakipeana mikono. Kisha warudi polepole pamoja, kwa kuwa maongezi ya njiani ndiyo yaliyo matamu. Mtoto wa mwisho atasema goli lilikuwa lake, kwa kuwa ndiye aliyepiga kelele zaidi. Mama atasema yule beki mrefu afanana na mjomba fulani. Na karani, ambaye toka Jumatatu hajacheka, atacheka.

SIKU YA WALIOOA NA WASIOOA

Iko siku moja katika mwaka ambayo wakulima wa pande hizi wameijua furaha hii tangu zamani bila kufundishwa na mtu. Ni mwezi Desemba, mahindi yamekwisha ingia ghalani, na walio Nairobi na Mombasa wamerudi nyumbani kwa Krismasi. Vijiji vingi hufanya mchezo wa wanaume waliooa dhidi ya vijana wasiooa. Zawadi huwa ni mbuzi, ambaye hufungwa chini ya mti karibu na mstari ili wachezaji wote wamwone.

Jioni hiyo hapana anayebaki nyumbani. Wake huwashangilia waume zao, na huwacheka pia, kwa maana yule aliyejisifu mwaka mzima huishiwa na pumzi dakika ya kumi. Watoto humwona baba yao akiwa amevaa kaptura, akianguka, akiinuka, akipigiwa kelele na kijiji kizima. Kijana humpokonya mpira mjomba wake, kisha humwomba radhi. Waliooa hushindwa mara nyingi, nao husema ni kwa sababu ya mvua, hata kama haikunyesha.

Kisha mbuzi huchinjwa, na walioshinda na walioshindwa humla pamoja. Watu hurudi nyumbani jua likiwa limekwisha shuka nyuma ya vilima vya Uganda, na watoto huhesabu siku za kungoja Desemba nyingine. Lakini hakuna haja ya kungoja mwaka mzima. Jumamosi ijayo saa kumi kutakuwa na mpira mahali fulani karibu, nyasi za ukingoni hazina bei, na ziko nafasi za kuwatosha wote.